Mwizi Aliyepiga Deki

Hakuna kesi iliyowahi kutatuliwa upesi Al Qusais, Dubai, kama ile ya mablanketi. Yaliibwa alfajiri, yakapatikana kabla ya alasiri, na wapelelezi wote wa mjini wangekuwepo wangeketi chini wafundishwe. Ila hawakuwepo, maana hakuna aliyewaita. Na Bi Paskazia, aliyeitatua kesi yenyewe, kabla ya kumpata mhusika alishawanyooshea kidole watu wawili wasiohusika, na mmoja wao alikuwa bado anatafuna chapati.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Januari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mvua ilikuwa imeanguka usiku kucha, na upepo wa jangwani ulikuwa unaingia mpaka kwenye fizi. Watu wa nyumbani ukiwaambia Dubai kuna baridi wanakucheka. Hawajalala juu ya zege lililolowa, chini ya daraja, koti la kazi ndilo godoro na ndilo shuka. Kwa ajili ya waliokuwa wakilala hivyo, Bwana Aidarus, mtu wa asili ya Unguja mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo kule Deira, aliomba kibali akatoa ghala lake lililokuwa tupu, watu wajisitiri humo majuma ya baridi. Vitanda vya chuma vilishapangwa. Mablanketi, kama thelathini hivi, yaliletwa Alhamisi na Wakenya na Watanzania wa jumuiya, kila mtu alichokuwa nacho. Jioni ya Ijumaa hiyo ndiyo milango ingefunguliwa kwa mara ya kwanza.

Bi Paskazia alikuwa mpika chai. Wote walimjua hivyo: mama wa Kihaya mwenye maneno mengi, anampikia madam wake Jumeirah Village Circle, na akipata nafasi anakuja kujitolea. Na hapo pana uongo. Uongo mdogo tu, unaoenea kwenye sanduku moja. Madam alishahama nchi na familia yake tangu Desemba, akamwachia Bi Paskazia sufuria mbili na machozi. Madam mwingine alishamwahidi kazi mwezi unaofuata, inshallah. Hapo katikati Bi Paskazia alikuwa analala uwanja wa ndege, ukumbi wa wanaowasili, kwenye kiti cha chuma, sanduku pembeni, shingo kaielekeza mlangoni kama mtu anayemsubiri mgeni. Askari akipita, yeye anatazama ubao wa ndege na kuguna: "Imechelewa tena hii!"

Kuomba kitanda ghalani hakuweza. Angeanzaje, yeye aliyekuwa akiwapa wenzake pole kwa sauti kubwa kuliko wote? Alikuwa amepanga mambo yake kimyakimya: jioni hiyo atachelewa kuosha vyombo, na akishachelewa atajinyoosha kidogo jikoni, na nani atamuuliza mama mzima kwa nini amesinzia? Basi ghala lisipofunguliwa, usiku wake ni kile kiti cha chuma tena. Na shingo ilishakataa.

Alisukuma mlango wa mbele, akawasha taa, akaangalia kona ya mablanketi. Hapakuwa na kitu.

"Boaz!" aliita. "Boaz weee! Njoo uone umelinda nini!"

Boaz alikuwa mlinzi wa geti, Mkenya wa Vihiga, mrefu kama nguzo ya taa. Alikuja mbio, akasimama, akatazama kona, akatazama dari kana kwamba mablanketi yangekuwa yameruka.

"Mathe, haki ya Mungu sijatoka kwa hilo geti tangu jioni."

"Hujatoka?"

"Hata kidogo."

"Na hiyo chapati ya mayai uliyoshika umeioka wapi, kwenye kofia?"

Boaz alitazama mkono wake kama umemsaliti. "Nilienda tu kuchukua chai ya karak hapo kwa kafeteria. Dakika kidogo."

"Saa ngapi?"

"Kumi na moja hivi."

"Na karak ya Dubai inaiva saa nzima siku hizi?"

"Kulikuwa na marudio ya mpira," alisema Boaz kwa sauti ya mtu anayezikwa. "Kipindi cha kwanza tu. Na cha pili kidogo."

"Basi ni wewe," alisema Bi Paskazia, kidole kikiwa kimeshafika kifuani mwa Boaz. "Umemfungulia mtu wa pikapu, wewe ukaenda kujificha kwenye mpira."

"Mathe! Pikapu ingepita geti, si ningeiona kutoka kafeteria? Ni hapa mbele tu. Nilichosikia ni toroli. Ilikuwa inalia huko nyuma, kwii, kwii. Nikadhani ni watu wa usafi."

Bi Paskazia alishusha kidole, si kwa kuridhika, bali kwa kuwa toroli ni neno zuri. Alikwenda mlango wa nyuma. Kufuli lilikuwa zima, limefungwa kama lilivyotakiwa. Toroli la ghala lilikuwa limesimama pembeni, magurudumu yake yana mchanga mbichi. Mwizi alikuwa ametoka kwa ufunguo, akarudisha toroli, akafunga mlango. Mwizi mwenye adabu.

"Funguo za nyuma ni za nani?"

"Mmoja ni wa Bwana Aidarus. Wa pili, dada Damaris. Wa tatu uko kwa msumari, kibandani mwangu."

"Na kibandani kuna nani?"

Boaz alikohoa. "Kasian. Nilimwonea huruma, Mathe, ile mvua ya jana."

Saa mbili wote walikuwa wamefika. Bwana Aidarus alikuja na kanzu nyeupe na koti la sufi juu yake, akasikiliza, akavua miwani.

"Nisikilizeni," alisema. "Mie nimeomba kibali kwa jina langu. Majirani wananiangalia. Leo wizi, kesho watasema ugomvi. Nakwenda msikitini, kisha nina watu Deira. Nikirudi alasiri mablanketi hayapo, khalas, natia kufuli na funguo nachukua mwenyewe. Siwezi kulaza watu juu ya chuma kitupu wakanifia humu."

"Haki, mimi ningeanza na huyo aliyelala chini ya ufunguo," alisema Damaris.

Damaris ndiye aliyekuwa msimamizi wa vitanda, mwanamke wa Kisii, nadhifu hata akiwa amechoka. Kadi ya kazi ya uwanja wa ndege ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake, kwa kuwa alikuwa ametoka zamu ya usiku ya usafi. Bi Paskazia alipoiona ile kadi aligeuza uso upande wa pili. Uwanja ni mkubwa, alijiambia, na mwenye ufagio huangalia chini.

Huyu Damaris ndiye aliyesimama mlangoni Alhamisi akiwakagua waliokuja kuandikishwa. Kola, mikunjo ya nguo, nyuma ya masikio. Kasian, fundi vigae ambaye kampuni yake ilifungwa akabaki hana kazi wala pa kulala, alikaguliwa mara mbili. "Sitaki kunguni hapa," Damaris alisema siku hiyo, watu wote wakisikia. "Mimi hata sijui kunguni anafanana aje, na sitaki kujua."

Walimkuta Kasian kibandani, amekaa juu ya katoni kubwa iliyozungushiwa kamba na utepe wa gundi, kama katoni zote zinazosubiri meli.

"Humo mna nini?" aliuliza Damaris.

"Nguo zangu."

"Nguo gani za kujaa hivyo?"

"Nguo tu, dada."

Bi Paskazia aliinama akaibonyeza katoni. Ikabonyea, ikarudi juu polepole. Nguo kuukuu hazirudi juu hivyo.

"Kasian, mwanangu," alisema, na kidole kikapanda tena, "hilo ni blanketi. Na si blanketi dogo."

Walikata kamba. Ndani lilikuwa blanketi la waridi jekundu, zito kama kondoo, kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu na mshikio, karatasi ya bei bado inaning'inia. Damaris alipiga makofi mara moja. "Si mmeona? Na mengine ameshayapeleka!"

"La mama yangu," alisema Kasian. Hakuinua macho. "Makete kuna baridi ya kuua. Nililinunua nikiwa bado na kazi. Nilificha kwa sababu mngesema mwenye blanketi hahitaji kitanda."

"Na jana usiku ulijifunika nini?" aliuliza Bwana Aidarus.

"Koti la Boaz."

"Umelalia blanketi jipya, umejifunika koti la mlinzi?"

Kasian alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hali sadaka ya kanisa. "Ni mzigo wa mama, bosi. Ukishaufungua unakuwa wa nani?"

Boaz alisema katoni ilikuwa hapo tangu Jumatatu, kabla ya blanketi lolote kufika ghalani. Damaris alisema marafiki hukingiana vifua. Bi Paskazia alikuwa anautazama ule mfuko wenye zipu, na kitu kilikuwa kinamwasha kichwani, na safari hii si kilemba.

Alirudi ghalani peke yake, akatembea kwenye ile kona kama kuku anayetafuta pa kutaga. Kwanza, mifuko. Mablanketi yote yaliletwa yakiwa kwenye mifuko yake ya zipu, maana hakuna mtu Dubai anayetupa mfuko wa blanketi. Mifuko ilikuwepo! Ilikuwa imepangwa juu ya bomba la ukutani, yote, imegeuzwa nje ndani kama soksi zilizofuliwa. Pili, sakafu. Ghala zima lilikuwa na vumbi la simenti, lakini kona hiyo ilikuwa imepigwa deki, safi, na ukiinama inanukia dawa ya wadudu. Tatu, jikoni. Bunda la mifuko myeusi ya takataka alilolifungua mwenyewe jana kwa mfuko mmoja, limebaki boksi tupu.

Wenzake walipomfuata aliwapanga kama darasa.

"Bwana Aidarus, wewe unasafirisha mizigo. Blanketi lisilo na mfuko wake, Deira linauzwaje?"

"Mtumba. Hata likiwa jipya, hakuna atakayekuamini."

"Basi mwizi wa kuuza angebeba mfuko kabla ya blanketi. Huyu kaiacha yote, tena kaigeuza. Na niambieni, mwizi gani anaiba halafu anapiga deki?"

Boaz alicheka, akanyamaza alipoona hakuna mwingine aliyecheka.

"Maneno matamu," alisema Bwana Aidarus, "lakini hayafuniki mtu. Nataka mablanketi. Na mpaka yaonekane, huyu Kasian asikae hapa. Samahani, ndugu yangu. Alasiri." Akaondoka.

Kasian alianza kuifunga katoni yake upya. Bi Paskazia alimtazama akikaza kamba, akahisi kile kiti cha chuma mgongoni, cha kwake na cha Kasian, viwili vimekaa pamoja.

"Damaris, mama," alisema kwa unyonge, ameshika tumbo, "nipeleke kwako nikajisaidie. Choo cha hapa mafundi hawajakimaliza."

"Kwangu? Si kuna cha kafeteria?"

"Cha wanaume kile! Unataka nidhalilike uzeeni? Kwako si hapo nyuma tu?"

Kweli ilikuwa hapo nyuma tu. Jengo la vyumba vya wafanyakazi lilitazamana na mlango wa nyuma wa ghala, uchochoro mmoja kati. Damaris alisita, lakini kumnyima mama choo ni neno zito, akaongoza njia. Uchochoroni mchanga ulikuwa na mistari miwili ya magurudumu iliyokwenda moja kwa moja mpaka kwenye lifti. Bi Paskazia aliivuka bila kuitazama, kama mtu anavyovuka deni.

Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, cha vitanda vinne, kila kitanda na pazia lake. Bedspesi, kama wanavyoziita. Wenzake Damaris walikuwa kazini. Bi Paskazia alijisaidia kweli, maana umri hauigizi, akatoka akifuta mikono, akatazama chini.

Miguu minne ya kitanda cha Damaris ilikuwa imesimama ndani ya makopo manne ya maziwa, na makopo yalikuwa na maji ya sabuni.

"Hee! Kitanda chako kinakunywa chai?"

"Ni ya sisimizi," alisema Damaris haraka.

"Sisimizi wa ghorofa ya tatu. Wanapanda kitandani kutafuta nini, unalala na sukari?"

"Mama Paska, umemaliza? Twende."

"Nimemaliza." Walitoka. Damaris akageukia lifti. Bi Paskazia, aliyelalamikia magoti tangu Krismasi, akageukia ngazi, na si za kushuka.

"Huko hakuna kitu! Ni matangi tu!"

"Napenda matangi," alisema Bi Paskazia, na akapanda.

Paani palikuwa na matangi ya maji, madishi ya televisheni, kamba za nguo. Na kati ya hivyo vyote, kama wale sili wa baharini wanaoota jua kwenye televisheni, ililala mifuko myeusi iliyofungwa shingo. Bi Paskazia alihesabu mpaka akachoka. Akaenda ukingoni, akaona geti la ghala chini yake, akapaza sauti iliyowahi kuita watu ng'ambo ya migomba.

"Boaaaz! Panda na Kasian! Na umpigie Bwana Aidarus, mwambie alasiri imewahi!"

Alipofika, Bwana Aidarus alikuwa anahema, na udi wa msikitini bado unamnukia. Alifungua mfuko mmoja. Blanketi. Wa pili. Blanketi.

"Damaris?" alisema. "Umeyaiba ukayaweka juu ya kichwa chako mwenyewe?"

"Sijaiba!" Damaris alikuwa ameshika kadi yake ya kazi kwa mikono miwili. "Nilitaka kurudisha. Nilijua ikifika saa tano nitakuwa nimerudisha yote, hakuna mtu angejua."

"Mbona hukurudisha?"

Ni Boaz aliyejibu. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mfuko mmoja, akakiweka juu ya mwingine. "Imepoa," alisema. "Aki Damaris! Ulikuwa unawachoma kunguni!"

Hapo wote wakaelewa, maana hakuna aliyewahi kulala bedspesi asiyeijua kazi hiyo. Godoro na shuka unavitia kwenye mifuko myeusi, unafunga kabisa, unaviacha paani na jua la Dubai linakumalizia. Mwezi wa Agosti wadudu hawafiki adhuhuri. Lakini hii ilikuwa Januari. Jua lilikuwa limejifunika mawingu mpaka kidevuni, na mifuko ilikuwa baridi kama samaki.

"Ingekuwa Agosti," alisema Bi Paskazia, "ungeyarudisha ya moto, nami leo ningekuwa napika chai tu, sina sifa yoyote."

Damaris aliketi kwenye ukingo wa tangi. "Ni langu," alisema. "Nilitoa blanketi langu zuri, jana nikalikunjua nilitandike, nikamwona anatembea. Mmoja. Juu ya blanketi langu, mimi niliyekagua watu masikio. Na yalikuwa yamelaliana yote, nitajuaje amefika wapi? Nilienda kazini usiku mzima nawaza. Nikarudi, nikaona Boaz hayuko."

"Ungesema tu," alisema Bwana Aidarus.

"Niseme? Hapa ukijulikana una kunguni, wenzako wanakutoa siku hiyo hiyo na godoro lako. Ningeenda wapi? Si ningekuja kwenye mlango wa ghala, na mlangoni nijikague mwenyewe?" Alimgeukia Kasian. "Na wewe nikakusingizia. Nisamehe. Nilikuwa naona wakiwa na wewe hawatanitazama."



"Dada," alisema Kasian, "ulinigeuza masikio kama mbuzi wa mnadani. Yule mdudu wako angekuwa na haya angekuja kunitetea." Halafu akainua mfuko, akautia begani. "Haya, tunayapeleka wapi? Jua hili haliwezi."

"Mtaa wa pili kuna dobi ana mashine za kukaushia," alisema Boaz. "Zile moto zinatoa mpaka rangi."

Bwana Aidarus alikuwa bado ana neno. Alilitafuna kwanza. "Nampigia huyo dobi mie. Lakini Damaris, mlangoni hukai tena."

"Hapana, Bwana Aidarus," alisema Bi Paskazia. "Mwache akae. Zamani alikuwa hawajui kunguni. Sasa anawajua kwa sura."

Bwana Aidarus alijaribu kukunja uso, ukamkatalia.

Saa kumi na mbili jioni mvua ilirudi, na watu wakaanza kuingia kutoka kwenye madaraja na bustani, wamejikunyata, wameshika mifuko yao vifuani. Mablanketi yalikuwa yamefika kutoka kwa dobi yakiwa moto kama mikate. Damaris alikuwa mlangoni. Hakugusa sikio la mtu. Alikuwa anasema, "Karibu, shika hili, lishike likiwa bado moto," na mzee mmoja wa Kiganda alilikumbatia la kwake palepale, akasimama nalo amefumba macho, foleni ikamsubiri bila kunung'unika. Kasian alipewa kitanda cha karibu na ukuta, akaisukuma katoni ya mama yake chini ya kitanda, na juu yake akajifunika blanketi la Damaris mwenyewe, lile lile la mdudu.

Jikoni, Bi Paskazia aliosha vikombe. Alipomaliza akavichafua viwili akaviosha tena. Sanduku lilikuwa nyuma ya mtungi wa gesi, limefunikwa kanga.

"Mama Paska." Damaris alikuwa mlangoni, ana blanketi mkononi. "Hujaenda bado? Si madam atakungojea?"

"Nakwenda, nakwenda. Dereva wake amesema atanipitia."

"Dereva wa Jumeirah Village Circle."

"Huyo huyo."

"Kwa hii mvua."

"Ni dereva mzuri sana."

Damaris alikuja akaketi juu ya mtungi wa gesi. Akaisogeza kanga kwa kidole, akalitazama sanduku, akairudisha kanga mahali pake vizuri kabisa, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Mimi hupiga deki ukumbi wa wanaowasili," alisema. "Usiku. Pale karibu na ubao wa ndege kuna mama mmoja, nikifika kwa kiti chake anainua miguu bila kuamka. Yule mgeni wake, Mama Paska, ameshatua?"

Bi Paskazia, aliyewakamata wengine wote siku hiyo, alifungua mdomo. Alitafuta uongo mpya, akakuta kikapu kitupu. Umebaki ule wa zamani tu.

"Ndege imechelewa," alisema.

"Basi utamsubiri hapa," alisema Damaris, na akamtupia blanketi magotini. "Ukiwa umejifunika."